Mkate wa mayai na mboga ambao hata wifi anakula ukoko wake

Mchezo wetu wa ukoo unazunguka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, pesa zinahesabiwa, mwenye zamu anapokea chake, halafu mwenye nyumba anatandika mkeka na kuleta kitu cha kula. Zamu yangu ilipofika, wifi alikuwa ndiyo kwanza ameambiwa na daktari asiguse tena ngano maisha yake yote. Mimi nikapika kama nilivyozoea: sambusa, katlesi, maandazi, chai ya maziwa. Yeye nikamkatia papai.

Akakaa pembeni na sahani yake mapajani, watu wanapitishiana sambusa juu ya kichwa chake. Nikamuuliza kama yuko sawa. "Mimi niko sawa wifi, usijali." Mtu akikwambia hivyo huku anapanga mbegu za papai kwenye ukingo wa sahani moja moja, ujue hayuko sawa.

Usiku ule nikakaa na baba watoto tukaanza kuhesabu nani anakula nini, na hapo ndipo niliposhtuka. Si wifi peke yake. Shangazi ana sukari na presha. Mtoto wa kaka, maziwa yanamvuruga tumbo. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mgujarati ambaye tumecheza naye mchezo miaka hadi tumemhesabu ndugu, hali nyama, hali samaki, hali yai, na vitunguu hagusi. Miezi yote hiyo nilikuwa namwona anakunywa chai na kula njugu, nikidhani ni adabu tu.

Baba watoto akasema, "Si kila mtu aje na chakula chake?" Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kukaribisha wageni.

Kilichonijia kichwani ni mkate wa nyama wa mama. Wa Pwani wanaujua: mayai mengi, nyama ya kusaga, unga kidogo, unamiminwa kwenye sufuria na kuokwa kwa moto wa juu na chini. Nikawaza, nyama nitoe, niweke mboga. Yai linajaza tumbo na halipandishi sukari kama andazi. Jirani nitamtafutia njia yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilinunua mumunye moja kubwa, nikalikwaruza kwenye greta, nikatia karoti, hoho, kitunguu na mayai manane, nikaingiza kwenye oveni. Nilipokata kipande cha kwanza, maji yakatiririka hadi ukingoni mwa trei. Mumunye ni maji yenye ngozi, na mimi nilikuwa nimeyatia yote ndani. Nikamwita wifi aje aonje hivyo hivyo. Akashika uma, akainama, akaangalia ubavu wa trei, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Wifi, hii trei umeinyunyizia nini?"

Nilikuwa nimeipaka mafuta na kuinyunyizia unga wa ngano, kama keki. Mkono ulifanya wenyewe, miaka ishirini ya mazoea. Ndani hakukuwa na hata chembe ya ngano, lakini chini na pembeni kulikuwa kweupe. Siku hiyo pia alikula papai.

Ila alikaa jikoni akanifundisha, na nilijifunza kwake kuliko kwingine kote. Kumbe ngano haikai kwenye unga tu. Iko kwenye tambi na semolina, iko kwenye sosi ya soya, na baadhi ya viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi vinayo, inabidi usome karatasi. Shayiri nayo haifai. Na kitu ambacho sikuwahi kukifikiria ni mashine ya kusagia. Nilikuwa nimejipanga kutumia unga wa mchele wa pale mtaani. Akaniuliza, "Kabla ya mchele wako, wamesaga nini?" Nikakumbuka foleni: mbele yangu alikuwepo mama na debe la ngano. Unga wa mchele unaotoka hapo unakuja na vumbi la jirani yake.

Jibu lilikuwa limekaa nyumbani kwangu siku zote, kwenye vitumbua. Vitumbua havihitaji mashine. Unaloweka mchele usiku kucha, asubuhi unausaga kwenye blenda na tui mpaka ukisugua rojo kati ya vidole husikii chenga. Mchele mzima unauchambua kwa macho yako na kuuosha mara tatu. Kwa hiyo ngano imeondoka, na kwa kuwa ni tui, maziwa nayo yameondoka. Mtoto wa kaka akawa ametatuliwa bila hata kumkusudia.

Kwa mkate mmoja wa sufuria bapa, wa vipande kumi na sita, sasa naloweka nusu kikombe cha mchele na kuusaga na nusu kikombe cha tui zito. Shangazi alipoanza kunung'unika kuhusu mchele, nilimfanyia hesabu mbele yake: kila kipande kina kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Akasema, "Basi nipe viwili." Shangazi ndivyo alivyo.

Mumunye sasa nalitendea kama nazi. Kwanza nakata kijipande nakionja kibichi. Likiwa chungu halifai, natupa lote, maana uchungu ule wa jamii ya maboga unaumiza watu na hautoki kwa kupikwa. Likiwa zuri nalikwaruza, natia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, naliacha robo saa, halafu naliweka kwenye kitambaa safi cha pamba na kulikamua kwa nguvu zote mpaka linabaki kama machicha. Mumunye la nusu kilo linaweza kutoa kikombe kizima cha maji. Sehemu kubwa ya chumvi inaondoka humo humo, nami siongezi nyingine, kwa ajili ya presha ya shangazi. Kinachobaki nakikoleza kwa pilipili manga, binzari manjano kidogo, giligilani nyingi na ndimu. Hajawahi kulalamika kuwa halina chumvi, na huyu ni mtu anayelalamikia hata chumvi ya bahari.

Yai sasa. Vunja moja moja kwenye kikombe kabla hujatia kwenye bakuli. Niliwahi kupoteza mayai saba mazima kwa ajili ya la nane viza, na siku ile duka lilikuwa limefungwa. Manane ya kisasa yanatosha. Ukitumia ya kienyeji, weka kumi, ni madogo.

Kazi kubwa ilikuwa ya jirani. Mwanzoni nilinunua unga wa dengu wa pakiti, nikakoroga na maji, nikatia mboga, nikaoka muda ule ule wa mayai. Juu ulipendeza, rangi ya dhahabu. Ndani ulikuwa na ladha ya bhajia mbichi. Nikampelekea hivyo hivyo, nikamwambia asinionee haya. Akatafuna, akacheka. "Dada, dengu inataka moto na inataka muda. Yai lina haraka, dengu haina." Kisha akaniambia kwao kuna kitu cha aina hiyo, kinaitwa handvo: mchele na dengu vimelowekwa, vimesagwa, vikaachwa vichachuke, ndani mnatiwa dudhi, ambayo ni mumunye hili hili letu. Kumbe nilikuwa nahangaika kuvumbua chakula cha bibi yake.

Tangu hapo sinunui unga. Naloweka kikombe kimoja cha dengu za kupaaza na nusu kikombe cha mchele, nasaga na maji kidogo tu, nafunika na kuacha usiku kucha. Joto la Dar linafanya kazi ya hamira. Asubuhi rojo limepanda, lina vipovu na harufu ya uchachu mwepesi. Yeye huongeza mtindi. Mimi natia ndimu ili mtoto wa kaka naye aweze kuonja. Linakaa motoni karibu dakika 50, wakati la mayai kwa nyuzi 180 linataka kama 35.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo lilinichukua majaribio manne kulielewa. Nilikuwa napika vyakula vitatu tofauti kwa watu tofauti, na kufikia saa sita mchana nilikuwa nimechoka kiasi cha kuwachukia wote. Kumbe mboga ni zile zile. Nakwaruza mumunye na karoti, nakata hoho na mchicha, nakoleza viungo, vyote kwenye beseni moja. Beseni hilo kila mtu anaweza kula, kwa sababu bado halijaingia yai wala kitunguu. Nachota sehemu ya jirani kwanza, inaingia kwenye dengu, inafunikwa, inakwenda motoni. Ndipo natia kitunguu, ndipo natia yai. Ukigeuza mpangilio, mwiko wako umeshabeba. Na ngano siku hiyo haifunguliwi kabisa jikoni, hata maandazi ya watoto nanunua nje na yanabaki kwenye mfuko wake juu ya kabati hadi wageni waondoke.

Vyombo pia. Nina sufuria mbili bapa za mikate hii tu, napaka mafuta na kutandika karatasi ya kuokea chini. Greta ya plastiki niliigawa, maana matundu yake hayasafishiki.

Zamu yangu ilivyorudi, nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Mkate wa dengu uko kwenye oveni dakika ya ishirini, wa mayai umeshamiminwa unasubiri, umeme ukakatika.

Nilisimama pale nimeshika kitambaa. Baba watoto, ambaye kawaida jikoni huja kuuliza tu, akasema, "Mama yako alikuwa na oveni?" Akashuka kununua mkaa. Tukawasha majiko mawili kibarazani. Kanuni ya moto wa juu na chini ni moja: makaa machache chini, mengi juu. Wageni wa kazi hii hugeuza, wanaunguza tako la mkate na juu panabaki rojo. Mfuniko uwe bapa wenye ukingo, ili majivu yasiteremke. Nikaweka makaa chini kama saba hivi, juu nikajaza, na kila dakika kumi nikafunua pembe moja kuchungulia. Wa dengu ulinusurika, ila ulipasuka katikati kwa ule mshtuko wa kuhamishwa. Wa mayai ulitoka vizuri kuliko wa oveni, nasema kweli. Uliumuka, ukashika rangi, kisu nikachomeka katikati kikatoka kikavu. Nikautoa papo hapo na kuuacha dakika kumi utulie, kwa sababu yai likizidishiwa moto linakaza na kuanza kutema maji, na kazi yote ya kukamua inapotea.

Ulipopoa nikaukata kwa kisu chake, wa dengu kwa kisu chake, nikaweka kila mmoja kwenye sinia lake na kuyatenganisha. Jirani akachukua kipande, akaangalia ule ufa, akasema, "Handvo ya bibi yangu ilikuwa inapasuka hivi hivi." Sijui kama ni kweli au ni huruma. Alikula vitatu. Mtoto wa kaka alikula kwenye masinia yote mawili bila kuniuliza, na hakuna aliyemkimbiza. Shangazi alikula viwili vyake, akafunga vingine viwili kwenye karatasi "vya usiku", nikajifanya sijaona.

Wifi alikula kimya. Nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho, nikimsubiri aulize lile swali la trei. Hakuuliza. Watu walipoanza kuhesabu pesa, nikamkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, sufuria ya mayai iko mapajani, ameshatoa karatasi, anakwangua ukoko wa pembeni kwa kijiko. Aliniambia tangu siku ile ya daktari hajawahi kukwangua sufuria ya nyumba isiyo yake.

"Wifi, hiyo pembe ya juu niachie," nikamwambia.

"Ulikuwa wapi muda wote?" Akaigeuza sufuria upande wake.