Schenectady, kwa Mchungaji Nott na Moses Viney

Treni ya Schenectady hutoka New York ikiufuata mto Hudson upande wa mashariki, kwa hiyo anayetaka kuuona mto akae kushoto. Nilikaa kushoto. Yakapita majabali ya New Jersey, ikaja milima, kisha kuta za chuo cha kijeshi cha West Point ng'ambo ya maji. Mimi ni mtoto wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, nimelelewa na wazee wa kanisa, na kwa muda mrefu nilitamani kufika alipofanya kazi Eliphalet Nott, mchungaji wa Kipresbiteri aliyeongoza Chuo cha Union cha Schenectady, jimbo la New York, kwa miaka 62.

Karibu na Albany treni huvuka mto. Nott alikuwa mchungaji katika mji huo tangu 1798. Julai 1804, Makamu wa Rais Aaron Burr alimpiga risasi Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, katika pambano la bastola, Hamilton akafariki kesho yake. Nott alipanda mimbarini Albany na kuishutumu waziwazi desturi ya waungwana kuuana kwa ajili ya heshima. Hotuba ilichapishwa, ikasomwa mbali. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 31, akapewa chuo kilichokuwa bado kichanga na chenye dhiki ya fedha. Hakukiacha mpaka alipofariki Januari 1866.

Schenectady ukitoka stesheni unakutana na Erie Boulevard, barabara pana iliyojengwa pale ulipopita mfereji wa Erie. Nilipanda Union Street kwa miguu hadi chuoni. Jengo linaloitwa Nott Memorial limesimama peke yake katikati ya majani: pande 16, mawe ya rangi mbalimbali, na kuba kubwa juu. Msanifu wake, Edward Tuckerman Potter, alikuwa mjukuu wa Nott. Ujenzi ulianza 1858, babu angali hai, ukakamilika miaka zaidi ya kumi baada ya kuzikwa kwake. Kwenye vigae vya paa kuna maneno ya Kiebrania, ya kwamba siku ni fupi na kazi ni nyingi. Ndani nilisimama katikati ya sakafu nikatazama juu. Kuba limetobolewa mamia ya vidirisha vya vioo vya rangi, na jua la adhuhuri lilikuwa likipenya humo.

Nott alipenda majiko. Alibuni jiko la kupasha nyumba joto kwa makaa ya mawe magumu na kupata hataza nyingi. Alifungua masomo ya sayansi pamoja na Kilatini na Kigiriki, na mwaka 1845 chuo kikaanza kufundisha uhandisi. Vijana waliofukuzwa vyuo vingine aliwapokea, akaamini watatengenezeka. William Seward, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alisoma kwake, na Chester Arthur, aliyekuja kuwa rais wa nchi.

Lakini fedha za chuo zilitoka kwenye bahati nasibu iliyoruhusiwa na serikali ya jimbo, na Nott mwenyewe akawa msimamizi wake. Hesabu zake na za chuo zikachanganyika mpaka jimbo likafanya uchunguzi. Mwaka 1854 alikikabidhi chuo mali ya zaidi ya dola 600,000. Kwangu mimi, ukarimu ule haufuti doa: mchungaji aliyehubiri dhidi ya pombe hakupaswa kuendesha kamari.

Kilichonivuta zaidi ni habari za Moses Viney. Alizaliwa utumwani Maryland mwaka 1817, akatoroka 1840. Inasimuliwa kwamba mbwa waliotumwa kumsaka walikuwa wamezoea kulishwa naye. Walipomfikia akawaambia warudi nyumbani, wakarudi. Schenectady akawa mwendesha gari la farasi la Nott na mtu wake wa karibu. Ilipopitishwa Sheria ya Watumwa Watoro mwaka 1850, kila mtoro wa kaskazini alikuwa hatarini kukamatwa. Nott akamtuma Kanada, akaanza kuzungumza na aliyedai kummiliki, na hatimaye akalipa dola 250. Viney akarudi akiwa huru. Nott alipozeeka na miguu kumwishia nguvu, Viney ndiye aliyemhudumia.

Kutoka chuoni nilishuka hadi makaburi ya Vale. Nott amelala katika sehemu ya chuo, pamoja na walimu wenzake. Viney yuko sehemu nyingine ya makaburi hayohayo, walikozikwa Waafrika wa Marekani wa mji huu. Nilitembea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine nikisoma majina njiani. Viney aliishi miaka 43 baada ya kifo cha Nott, akiwa na magari yake mwenyewe ya farasi ya kukodisha, akafariki 1909, mjini wote wakimjua.

Kwenye treni ya kurudi nilifungua ramani ya Maryland. Kaunti ya Talbot, alikotokea Viney, iko mashariki ya ghuba ya Chesapeake. Nikijaliwa, safari ijayo nitaanzia huko, niifuate njia yake kuja kaskazini.