Kumbukumbu ya mradi wangu: STI ya mtumba na matairi yake

Mwezi wa pili: kulitafuta

Ninayoitaka ni Subaru Impreza WRX STI ya 2005 hadi 2007, ile yenye taa za macho ya mwewe. Injini lita 2 na turbo, nguvu za farasi 280 kwenye karatasi, gia sita, breki za Brembo, na magurudumu yote manne yanavuta. Rangi yoyote isipokuwa buluu. Buluu yenye rimu za dhahabu Kampala huongezewa bei kwa sababu ya picha za mashindano, na mimi silipii picha.

Wengi wananiuliza kwa nini nisiagize Japani kama watu wengine. Hilo halipo tena. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililopitisha miaka 15 tangu litengenezwe, na kizazi hiki kiliishia 2007. Kila STI ya aina hii unayoiona ikipita Jinja Road ilishaingia zamani, imepita mikono mingi, na karatasi yake ya mnada wa Japani imeshapotea. Cha kuchunguza ni jinsi wenyewe wa hapa walivyolitunza, na hapo ndipo kazi ilipo.

Halafu Kampala imejaa STI ambazo si STI. Mtu ananunua WRX ya kawaida, anabandika nembo ya waridi, anafunga bawa refu nyuma, anapaka kalipa za breki rangi ya dhahabu, bei inapanda. Muuzaji mmoja pale Nakawa aliniapia: "Boss, hii ni orijino kabisa." Nikamwomba afungue boneti. Kwenye bamba la chuma, namba ya chasisi ilianza na GDA. STI ya Japani ya kizazi hiki ni GDB. GDA ni WRX. Nikamwonyesha, akacheka, akaniuliza kama nina rafiki anayetafuta GDA. Ukienda kuangalia gari la namna hii anza na bamba hilo, kisha hesabu gia, kisha ndiyo usikilize hadithi.

Mwezi wa tatu: limepatikana

Limepatikana Bweyogerere, rangi ya fedha, la 2006, GDB. Nilikwenda na fundi wangu wa Ndeeba, mzee aliyefungua injini nyingi za Subaru kuliko nilivyokula chapati. Alinipa sharti moja: muuzaji asiwashe gari kabla hatujafika. Tulipofika aliweka kiganja juu ya boneti kwanza, akatikisa kichwa kuridhika, ndipo akaruhusu ufunguo. Injini hizi zikiwa na beringi iliyochoka hugonga zikiwa baridi au zikishapata moto, na muuzaji mjanja anajua ni saa ngapi ya kukuita. Hii haikugonga kwa baridi, wala baada ya kuzunguka hadi Kireka na kurudi.

Kisha akapima mgandamizo silinda moja baada ya nyingine. Namba zenyewe zinategemea kipimo na joto la injini. Anachoangalia yeye ni kama silinda nne zinakaribiana. Zilikaribiana. Alichota mafuta ya injini kwa kijiti, akayasugua kati ya vidole viwili, akayageuza juani kutafuta unga wa chuma.

"Mwanangu, hili linanunulika," akasema. "Lakini mkanda wa taimingi uhesabu ni wa kubadilisha. Asiye na risiti hajabadilisha."

Mkanda huo ni wa kilomita 100,000, na risiti kweli haikuwepo. Nikaupunguza kwenye bei. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ilikuwa ya muuzaji mwenyewe, jina lake na namba ya chasisi vikilingana. Hilo si dogo hapa kwetu: logibuku nyingi zimelala kwenye kabati za wakopeshaji, na gari linauzwa kwa nakala ya fotokopi. Ukiambiwa logibuku iko kwa shemeji, rudi nyumbani.

Mwezi huo huo: matairi liliyokuja nayo

Nilipanga pesa iliyobaki iende kwenye ekzosi. Fundi alipoliinua gari, mpango ukabadilika.

Matairi yote yalikuwa 225/45R17, saizi moja, lakini undugu wao uliishia hapo. Ya mbele yaliandikwa STUDLESS ubavuni, pamoja na alama ya mlima wenye kinyota cha theluji. Hayo ni matairi ya baridi ya Japani, mpira laini uliotengenezwa kushika barafu. Theluji yetu iko kileleni Rwenzori, na hakuna barabara ya kufika huko. Kwenye lami ya joto mpira ule unalegea, meno yanayumba ukikata kona, breki zinachelewa, na unaisha upesi. Ya nyuma yalikuwa ya kampuni nyingine, magumu, yamekaribia kipara.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wenye Subaru wengi wanapoharibu gari bila kujua. Mbele mifereji ilikuwa na kina cha milimita 6, nyuma 3. Tofauti ya milimita 3 kwenye nusu kipenyo ni karibu milimita 19 kwenye mzingo wa tairi. Subaru inataka tofauti ya mzingo isizidi kama milimita 6, yaani milimita moja tu ya kina cha mifereji. Tairi hili lina mzingo wa karibu mita mbili, likizunguka mara 500 hivi kwa kilomita. Ya nyuma, yakiwa madogo, yanazunguka karibu mara tano zaidi kwa kila kilomita. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kama mizunguko 600 ya ziada, na yote inamezwa na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa joto na msuguano, wakati wewe umekaa unasikiliza redio. Gari linalovuta nyuma peke yake halina shida hiyo. Hili linayo, na difu yake inayorekebishwa kwa swichi ni ghali kuliko matairi manne mapya.

Kwa hiyo si suala la kununua mawili sasa na mawili Krismasi. Yanunuliwe manne, ya aina moja, siku moja.

Mwezi wa nne: kuchagua

Ushauri ulimiminika. Wa kwanza ulikuwa semi-sliki, yale ya siku za mbio yenye mifereji ya kuhesabika, kama Toyo R888R au Yokohama Advan A052. Kwenye lami kavu yenye joto ni matairi ya ajabu, sibishi. Ila yanataka uwanja wa lami wa kukimbilia, na viwanja vyetu, Garuga na Busiika, ni vya udongo. Barabarani Kampala hayapati joto linalostahili kwenye foleni, na mvua ya Aprili ikishuka hayana pa kupitishia maji. Tairi la namna hiyo hapa ni pambo.

Ushauri wa pili: panda hadi rimu za inchi 18 na tairi 225/40. Zinapendeza, nakubali. Lakini pima ubavu. 225/45 ina ubavu wa milimita 101. 225/40 inabaki na 90. Milimita hizo 11 ndizo zinazosimama kati ya rimu na kingo za mashimo yetu. Mtu akija na rimu za inchi 16 ili apate ubavu mnene zaidi, wazo lake ni zuri, ila kalipa za Brembo hazitoshi ndani yake. Kwa hiyo 17 imejichagua yenyewe.

Ushauri wa tatu ulikuwa soko la Kisekka, matairi ya mtumba. Nilikwenda kuangalia, na sitasema hayafai yote. Niliona jozi nzuri yenye mifereji mirefu, ikang'aa kwa dawa ya kupaka. Nikapiga magoti nikatafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3414. Wiki ya 34 ya mwaka 2014. Mifereji haikuwa imeliwa kwa sababu tairi limekaa stoo likikauka, na chini ya dawa ile kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Tairi linazeeka hata likiwa halitembei. Zaidi ya hapo, kupata manne ya aina moja yenye kina kimoja Kisekka ni kazi ya kuomba Mungu.

Nikabaki na tairi jipya la michezo la barabarani. Tafsiri ya jina hilo kwa Wazungu ni tairi la kiangazi, na watu hapa wakisikia kiangazi wanadhani halifai kwa mvua. Kinyume chake: mpira wake unafanya kazi vizuri kuanzia nyuzi 7 hivi kwenda juu, na Kampala haishuki chini ya hapo hata alfajiri ya Julai. Kwetu ndilo tairi la mwaka mzima, na mengi yao yamebuniwa makusudi yatoe maji kwa kasi.

Nimechukua Michelin Pilot Sport 5, 225/45R17, 94Y. Namba 94 ni kilo 670 kwa kila tairi. Tairi la kawaida la saizi hii huwa 91, kilo 615. Kwa barabara zenye mashimo naona ziada hiyo ina kazi zaidi kuliko ile Y ya kilomita 300 kwa saa, ambayo hapa ni ya kusomea tu. Iliniuma kulipa, na ekzosi imesogezwa hadi Mungu ajalie. Kabla ya kutoa pesa nilisoma DOT za yote manne dukani. Kijana wa duka aliona namchelewesha, lakini mzee mwenye duka akamwambia, "Mwache mteja asome."

Kuyafunga

Fundi wa matairi alikuwa hodari wa mikono na mvivu wa brashi. Nilimwomba asugue kutu kwenye uso wa habu, pale rimu inapokaa, kabla ya kurudisha rimu, maana uchafu kidogo tu hapo unaleta mtikisiko ambao balansi haitauondoa. Nati aliziingiza kwanza kwa vidole, uzi wa 12 kwa 1.25, kisha akazikaza kwa mpangilio wa msalaba kwa spana ya kipimo. Ile bunduki ya upepo ilibaki ukutani.

Alaimenti ilionyesha gurudumu la mbele kushoto limetazama nje. Lilirekebishwa. Bila hivyo matairi mapya yangeliwa ukingo mmoja kabla ya Krismasi.

Upepo ni jambo jingine. Kibandiko cha mlangoni ni cha Kijapani, kwa kilopaskali, na pampu za vituo vyetu ni za psi. Kilopaskali 230 ni psi 33 na kitu. Vijana wa vituo wana mazoea ya kujaza 40 kila gari "ili lisiumie mashimoni." Kwa tairi hili hiyo ni kupunguza mguso wake na lami katikati ya mvua. Nimenunua kipimo changu, napima asubuhi tairi likiwa baridi.

Mwezi wa tano: mvua

Kilomita mia chache za mwanzo nimeendesha kwa upole, ule utelezi wa kiwandani juu ya mpira uishe. Barabara ya haraka ya Entebbe, shilingi 5,000 langoni, mwisho kilomita 100 kwa saa, inatosha kabisa kujua gari linakwenda mstari mmoja bila kushika usukani kwa nguvu. Kelele za matairi zimepungua mpaka nasikia turbo, jambo ambalo sikulitegemea.

Jaribio lenyewe lilikuwa Masaka Road, kwenye kinamasi cha Lwera. Malori mazito yamechimba mifereji miwili kwenye lami, na mvua ikinyesha mifereji hiyo inageuka vijito. Kwa matairi yale ya zamani, usukani uliwahi kuwa mwepesi ghafla hapo hapo, dalili kwamba tairi limepanda juu ya maji na halijui tena barabara iko wapi. Safari hii mvua ilikuwa nzito kuliko ile. Usukani ulibaki na uzito wake, nilisikia maji yakipiga chini ya gari, na basi lililokuwa mbele likapunguza mwendo ghafla kumkwepa boda. Nilikanyaga breki, pua ikainama, gari likasimama kwenye njia yake. ABS ilinong'ona kidogo tu. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo aliuita mradi huu "lile deni lako," hakuacha hata kutafuna mahindi yake ya Lukaya.

Kwa marram sina sifa za kutoa. Njia ya kijijini kwetu ikilowa, matairi haya yanajaa udongo mwekundu na kuteleza kama mengine yote ya barabarani. Huko naacha gari kwa shangazi kando ya lami, namalizia kwa boda.

Mifereji ya Pilot Sport 5 ina upande wa ndani na wa nje lakini haina mwelekeo, kwa hiyo yanaweza kubadilishwa mbele na nyuma, hata kushoto na kulia. Nitayazungusha kila kilomita 8,000 ili yale ya mbele yasitangulie kuisha na kunirudisha kwenye hesabu ya difu.

Kinachofuata ni mkanda wa taimingi, pamoja na pampu ya maji maana inafunguliwa humo humo. Baada ya hapo ramani ya kompyuta ya injini: hii imepangwa kwa petroli ya Japani ya oktani kama 100, na ya vituo vyetu iko chini ya hapo, kwa hiyo siikanyagi mpaka mwisho kwa sasa. Vipuri viko ndani ya buti. Fundi anataka nimpelekee gari Jumatatu asubuhi, niliache, nirudi jioni. Anasema maswali yangu yanamfanya ahesabu meno ya gia mara mbili.