Kilwa ya mbao

Swali la kwanza nililoulizwa halikuhusu historia. "Mwalimu, kabla hatujaenda mbali, kila pointi ina alama ngapi?"

Aliyeuliza alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa Kisumu, mkongwe wa kusahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na mfukoni mwa koti lake kulikuwa na kalamu nyekundu mbili. Ilikuwa Agosti 2019, likizo ya muhula wa pili, Nairobi iko katika ile baridi yake ya kuvaa sweta hadi saa saba mchana. Shule moja ya binafsi upande wa Westlands ilikuwa imetupa darasa, nami niliitwa kuwaandaa walimu wa historia kufundisha AP World History: Modern, kozi ya College Board, shirika la mitihani la Marekani, inayoishia kwa mtihani kila Mei.

Swali la mzee nililielewa vizuri. Sisi wote mle ndani tulikuwa watoto wa "taja sababu tano, eleza matokeo matano". Unasoma, unapiga tiki, unajumlisha, unachukua karatasi nyingine. Sasa nikaanza kuwaeleza kuhusu insha ya nyaraka: mwanafunzi anapewa nyaraka saba na muda wa saa moja, dakika kumi na tano za mwanzo zikiwa za kusoma, kisha anajenga hoja yake. Insha nzima ina alama saba. Moja ya dai, yaani msimamo anaoutetea mwanafunzi, moja ya muktadha, tatu za ushahidi, mbili za uchambuzi.

"Saba tu?" mzee akauliza. "Insha ya saa nzima?"

Asubuhi ile tulipitia mpangilio wa kozi haraka haraka, maana kila mtu angeweza kuusoma mwenyewe nyumbani. Tulikwama mahali pamoja tu. Niliwaambia kwamba mwaka uliotangulia, 2018, College Board ilitangaza kozi ianzie 1450, walimu na wanafunzi wengi wakapinga, ndipo mwanzo ukarudishwa nyuma hadi 1200. Kijana mmoja anayefundisha Thika akaweka kikombe cha chai mezani. "Yaani sisi tungeingia kwenye historia ya dunia pamoja na Vasco da Gama?" Ndivyo hasa. Mreno huyo alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ukianzia 1450, Kilwa iliyotajirika kwa dhahabu ya bandari ya Sofala imeshapita kilele chake, na Mansa Musa, mfalme wa Mali, ameshazikwa zaidi ya miaka mia moja. Karne mbili na nusu zinaonekana kitu kidogo kwenye silabasi, lakini kwa pwani yetu ndizo zilizobeba kila kitu.

Kwa zoezi la nyaraka nilikuwa nimetayarisha bunda langu kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, na waraka wa kwanza ulikuwa kipande cha Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Niliwagawia, wakasoma kimya. Katika tafsiri niliyoitumia, anausifu mji wa Kilwa kwa uzuri na ujenzi wake imara, kisha anasema nyumba zake zote ni za mbao.

Bi mmoja kutoka Mombasa, ambaye asubuhi yote alikuwa hajasema neno, akainua uso. "Za mbao? Kilwa?"

Nikamwuliza ana shaka gani. Akasema amewahi kuingia ule Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na kuushika ukuta kwa mkono: ni matumbawe na chokaa. Akaongeza kwamba hata jumba la Husuni Kubwa ni la mawe, nalo lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyempokea huyu mgeni. "Basi ama alisahau, ama kuna mtu alimwandikia vibaya."

Hapo ndipo semina ilipoanza, kwa maoni yangu. Kijana wa Thika akauliza kitabu kiliandikwa lini. Nikawaambia kilikamilika mwaka 1355 huko Moroko. Ibn Battuta alisimulia, Ibn Juzayy akaandika kwa amri ya sultani. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mbali na bahari yetu, kwa kalamu ya mtu ambaye hakufika hapo. Mwalimu mwingine akasema labda kosa ni la mnakili, au la mfasiri.

"Mimi nadhani aliangalia juu," yule bi akasema. Bibi yake alikuwa wa Lamu, akatueleza nyumba ya mawe inavyoezekwa: zinapangwa boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa sababu mkoko mzuri haurefuki kupita kiasi, vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Mgeni akilazwa chali katika chumba kile, anachokiona ni miti mitupu. "Na boriti hizo hizo," akasema, "majahazi yalizipeleka Arabuni. Kule hakuna miti ya kujengea."

Mzee wa Kisumu alikuwa anaandika kwa bidii. "Dada yangu, hiyo sasa ni pointi moja au mbili?"

Tulicheka sote, naye akacheka, lakini jibu lilikuwapo. Kumwuliza Ibn Battuta alisema nini, lini na kwa nani ni uchambuzi wa waraka, na una alama yake. Biashara ya boriti ni ushahidi wa nje ya nyaraka, una alama yake pia, ila kuitaja tu hakutoshi. Lazima iunganishwe na dai.

Mchana ndipo tulipogombana. Niligawa insha ya mfano niliyoiandika mwenyewe kama mwanafunzi: kwanza biashara ilieneza Uislamu, pili ilikuza miji, tatu ilileta vyombo vya kauri kutoka China, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa, bila dai lolote. Mzee alipiga tiki nane akampa sita kwa saba. Kijana wa Thika alimpa mbili.

"Mtoto huyu anajua historia," mzee akasema. "Mtamnyima kwa sababu hakubishana na mtu?"

Nilisimama upande wa mbili, na bado niko huko. Lakini sikuwa na jibu safi alipoendelea kwamba wapo watoto wanaobishana kwa ufasaha na hawajui lolote, na kwamba mwanafunzi wake wa kidato cha nne akiandika kwa mtindo huu Novemba, atarudi nyumbani mikono mitupu. Mtihani mmoja unahesabu, mwingine unapima hoja, na mwalimu ni yule yule. Mabishano yalikula muda wa chai, sambusa zikapoa.

Tulipokuwa tunafunga, mzee alikuja mezani kwangu akauliza kama bunda la nyaraka limebaki. Angelijaribu kwa kidato cha pili, akasema, wale wana nafasi. Nikampa nakala tatu zilizobaki. Akazihesabu, akanitazama.

"Darasa langu lina watoto hamsini na wawili, mwalimu. Hizo nyingine nani atalipia fotokopi?"