Ukingo wa nundu

Jana kwenye akika ya mjukuu wa ndugu yangu hapa Langoni, wembe ulipofika juu ya sikio la mtoto moyo ulinipiga. Nilimkumbuka binti yangu.

Uchungu ulikuwa mrefu, mwisho wakamtoa kwa kifaa cha kuvuta. Alizaliwa na kichwa kimerefuka, utosi umevimba. Ukibonyeza, kidole huacha shimo. Uvimbe ule ulinywea haraka. Lakini ulipokuwa ukipungua, ikaibuka nundu nyingine, upande wa kulia. Mama akataka kuikanda kwa mafuta ya nazi. Jirani akasema itobolewe, damu mbaya itoke.

Nikampeleka kwa mkunga. Alinawa, akakishika kidole changu cha shahada, akakizungusha taratibu juu ya nundu. Ilikuwa imejaa, yacheza ndani kama kiriba cha maji. Tulipofika katikati ya kichwa, pale fupa na fupa hukutana, ikakoma. Akanirudisha tena, polepole, hadi nikausikia ukingo mwenyewe.

"Wasikia? Haivuki. Damu imo baina ya fupa na utando wake, na utando umeshikamana na maungio. Ule wa kwanza ulikuwa maji ya ngozi ya juu, ule huvuka popote. Huu utakaa wiki kadhaa, pengine miezi 3. Msikande, msitoboe, sindano huingiza usaha. Mtazameni macho na ngozi kwenye mwanga wa mchana. Damu hii ikivunjika yaweza kumfanya wa manjano, na hapo mlete."

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na ukivuka, mwanangu?"

"Ukivuka, mamangu, ukaenea mpaka nyuma ya masikio na shingoni, kichwa kikazidi kukua huku kinabonyea, mtoto akapauka, msingoje asubuhi. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama robo lita tu, na pale chini ya ngozi pana nafasi ya karibu yote."

Mama aliyarudisha mafuta kabatini. Nundu ilianza kuwa ngumu kingoni, kisha ikaisha.

Tangu hapo, nikienda kumtazama mzazi huomba nikipapase kichwa cha mtoto, hasa nikisikia alivutwa. Wengine hunipa kwa furaha. Wengine huogopa kijicho, wakamfunika mtoto kwa kanga, nami sijajua bado nisisitize au ninyamaze.