Ufunguo Wenye Damu

Likizo moja ya Pasaka dada yangu aliniachia bintiye, nami nikampeleka Épinal, mji ulio kando ya mto Moselle, mashariki mwa Ufaransa. Tulifuata picha. Ndiko Jean-Charles Pellerin alikofungua kiwanda chake cha kuchapa picha mwaka 1796, na humo zikatoka hadithi za watoto kwenye karatasi mojamoja: picha zimepangwa safu kwa safu, chini ya kila moja mistari michache ya maneno. Wachuuzi walizibeba mgongoni kijiji hadi kijiji. Ziliuzwa rahisi, zikabandikwa ukutani, na mtoto asiyejua herufi hata moja alizisoma kwa macho kila siku. Rangi zilipakwa kwa mkono juu ya karatasi zilizotobolewa, ndiyo maana nyekundu mara nyingine huvuka mstari.

Tukafika kwa Barbe-Bleue, bwana mwenye ndevu za buluu. Anasafiri, anamwachia mkewe funguo zote na kumkataza chumba kimoja. Mke anafungua, anakuta maiti za wake waliomtangulia. Ufunguo unaingia damu isiyofutika. Mume anarudi na upanga, mke anapiga magoti. Kaka za mke wanawahi kumwokoa.

"Mama Mdogo, mbona anayepiga magoti ni yeye? Si mume ndiye aliyeua?"

Nilikosa jibu. Charles Perrault, mwandishi Mfaransa aliyeichapisha hadithi hiyo mwaka 1697, aliimalizia kwa beti za kukanya udadisi, kisha akatania kwamba waume wakali namna hiyo hawapo tena. Labda mtaani kwake! Wasichana wangapi walikua wakitazama ule ufunguo, wakajifunza kwamba kosa ni kufungua mlango?

Mimi nilikulia kwenye hadithi nyingine ya funguo. Bibi alikuwa akitusimulia gizani, bila picha yoyote: jini anamchukua mtoto wa sultani, anamwachia nyumba na funguo, anamkataza vyumba. Mtoto anafungua. Kimoja kina dhahabu iliyoyeyuka, inamganda kidoleni. Kingine kina farasi anayesema, na farasi huyo ndiye anayemfundisha namna ya kumtosa jini kwenye sufuria lake mwenyewe. Hakuna aliyemgombeza mtoto yule kwa kutotii, sisi tulimshangilia. Tena kila mmoja wetu alimpa sura aliyoitaka.

Nilimsimulia kwenye treni ya kurudi Nancy, nikijivuna kidogo kwamba kwetu mdadisi hupona. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa sababu ni mvulana," akasema.

Nikajaribu kukumbuka msichana mmoja katika hadithi za Bibi aliyefungua mlango akasifiwa. Niliokumbuka walikuwa wanangoja kuolewa. Basi akaniamuru nianze upya, jini awe yuleyule, mtoto awe wa kike, na farasi asimuite binti mfalme. Treni ilifika Nancy bado tuko chumba cha dhahabu, tunabishana kama kidole kilimuuma.