Mchoro wa Chaco: supanova au Zuhura?
Picha ya mchoro kwenye mwamba wa Chaco Canyon, New Mexico, Marekani, inazunguka tena mitandaoni: kiganja, hilali na nyota. Eti nyota hiyo ni supanova (nyota iliyolipuka) iliyoonekana mwaka 1054. Taratibu jamani! Wachina waliandika kwamba nyota ile ilionekana mchana kwa siku 23, na kweli alfajiri ya 5 Julai hilali ilikuwa jirani nayo. Ila sayari Zuhura nayo hukaribiana na hilali kila mara.

Ukitaka kuhakiki kwa programu ya anga, tumia kalenda ya Julius, ile ya zamani iliyotangulia kalenda yetu ya leo. Ukiweka tarehe ya kalenda yetu, unakosea siku 6, na mwezi husogea takriban digrii 13 kwa siku. Kipimo cha kaboni, cha kujua umri wa mchoro, nacho hakisaidii kama rangi ni udongo mwekundu mtupu, usio na mafuta wala utomvu.