Gego langu, zebaki, na kichupa cha makonyo

Ramadhani iliyopita niliuma kokwa ya tende, kizibo cha gego langu la kushoto kikapasuka, na tangu siku hiyo mji wetu wa Wete, Pemba, wote ukawa daktari wa meno. Jirani kasema ning'oe, jino halina thamani ya kuhangaikiwa. Mpwa wangu kanionyesha video kwenye simu: mtu katoa vizibo vyake vyote vya rangi ya fedha kwa siku moja, eti zebaki ndiyo iliyokuwa ikimuumiza kichwa. Mimi nilikuwa navyo vinne, nilizibwa Unguja mwaka 2010, baada ya ile miezi mitatu ya giza kwisha na umeme kurudi. Kumaliza kuitazama tu video, na mimi kichwa kikaanza.

Zebaki imo, sikatai. Karibu nusu ya amalgamu, ndivyo hivyo vizibo vya rangi ya fedha, ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki wa 2013, unazitaka nchi zipunguze kuitumia. Lakini shangazi yangu hana habari na mikataba. Yeye kaja na kichupa cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Kila usiku natia pamba, naibana kwenye tundu, ulimi unakufa ganzi, nalala kama mtoto. Mto wangu ulikuwa ukinuka kama kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Wawi.

Daktari wa kwanza nilimwambia neno moja tu: nataka nyeupe. Akaniuliza kama nimetia dawa yoyote. Nikasema sijatia. Tena asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki mara tatu ili asisikie harufu! Akachimba, akaziba kwa kompoziti, ndiyo hiyo nyeupe, akamulika taa ya buluu, nikatoka nacheka mdomo wazi ili kila mtu aone. Siku ya tano nakula muhogo wa nazi, nahisi kitu kama changarawe. Nikatemea kiganjani. Kizibo kizima, cheupe, kimetulia kama punje ya choroko iliyomenywa. Nilimlaani yule daktari wiki nzima.

Nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja kwa daktari mwengine, mama mtu mzima. Aliinama tu, akanusa.

"Bibie, Mpemba wewe?"

"Naam."

"Karafuu umetia mara ya mwisho lini?"

Nikaungama yote. Akaniambia kompoziti ni plastiki iliyochanganywa na unga wa kioo, na ile yujenoli ya karafuu inayofisha maumivu ndiyo hiyo hiyo inayoizuia plastiki isigande sawasawa, hata uimulike vipi. Huku juu unaona imekauka, kule chini inanata. Ukijumlisha na mate, kizibo kimeshaaga. Kwa hiyo yule daktari wa watu nilimlaani bure.

Nilipomwambia nataka vile vitatu vya fedha vilivyobaki vitoke vyote, alikataa. Vile viwili vizima hakuvigusa: mvuke wa zebaki hutoka zaidi unapochimba kuliko unapokiacha kizibo kizima kikae. Nikang'ang'ania, nimevuka bahari mimi! Hakutikisika. (Dada yangu mjamzito naye kaambiwa hivyo hivyo: kama jino halimsumbui, asubiri ajifungue.) Kikabaki kimoja kilichoachia ukingoni, na lile gego la balaa.

Gego tundu lake limeshuka hadi kwenye ufizi, mahali pasipokauka, basi akatia glasi ionoma. Hiyo inashika jino yenyewe, inatoa floridi kidogo kidogo, haililii taa. Ila ni laini kuliko kompoziti, inalika mapema, kashanionya. Kauri nayo niliuliza. Niliposikia bei nikajifanya nakohoa. Jino la pili kasema litatiwa kompoziti, lakini nirudi baada ya wiki mbili, na karafuu nisiiguse.

Siku ya kurudi nilikuwa na ujanja wangu. Mdomo ukishafunguliwa huwezi kuuliza kitu, kwa hiyo niliandika nyuma ya tiketi ya boti: mpira? maji mengi? mashine ya kufyonza? vipande vinakwenda wapi? Nikampa kabla ya sindano ya ganzi. Akacheka, akatia alama moja moja kama mwalimu. Kweli alitandaza mpira jino likachomoza peke yake, akakikata kizibo vipande vikubwa vikubwa badala ya kukisaga, maji yanamwagika, mashine inafyonza. Vipande akavitia kwenye chupa yenye kifuniko, si kwenye sinki. Kompoziti aliitia tabaka kwa tabaka, kila moja haizidi milimita 2, kisha taa. Mwisho akafuta juu na kuniambia nisukutue niteme, kwa sababu utando wa juu haugandi wote. Halafu ile karatasi ya rangi ya kung'ata: jino likikuzidi urefu, sema pale pale. Mara ya kwanza niliona haya kusema, nikatafunia upande mmoja siku tano zote.

Yote yalinila laki mbili na kidogo, boti sikuhesabu, wala kanga nilizonunua Darajani kwa kuwa nilikuwa nimeshafika.

Gego halijatikisika. Kichwa kiliacha kuuma nilipobadilisha miwani. Kichupa nimemrudishia shangazi, sasa anajipaka magoti, na juzi kaniuliza yangu yanaendeleaje.